Tochi Ndani ya Nguzo

Kaka mtu alikuwa mkandarasi wa mdomo. Angeweza kukujengea ghorofa mkiwa mmesimama mlangoni, chai haijapoa. Ukoo mzima ulimwita Bingwa, naye akaliamini jina hilo kuliko alivyoamini vipimo. Dada yake mdogo, aliyesomea uhandisi wa misingi na hakupewa jina lolote la sifa, alikuwa amechoka kulisikia.

Sasa Bingwa alikuwa anamjengea mama yao nyumba, pembeni mwa bwawa, mahali ambapo ukisimama kidogo kiatu kinabaki. Chini kabisa kulikuwa na mwamba. Juu yake tope tupu, laini kama uji. Dada alitaka nguzo nene. Bingwa akaleta mabomba ya chuma membamba, marefu, akayaita ya kisasa. Yalipopigiliwa kwa mashine yalifika mwambani, yakagoma kidogo, kisha yakaendelea kushuka. Mtu mwenye akili angejiuliza mwamba umetobokaje. Bingwa alipiga makofi.

Asubuhi ya kumwaga zege alimleta mama aje aone, akamkalisha mbele kama mgeni rasmi. Lori la zege lilikuwa linanguruma getini. Kilichobaki ni saini ya dada, maana manispaa haikubali msingi bila mhandisi.

"Tia saini basi, watu wana kazi," alisema Bingwa.

"Nikishaangalia ndani."

"Ndani ya nini? Bomba ni bomba!"

Dada akaifunga tochi kwenye kamba, akaiwasha, akaishusha ndani ya nguzo. Nguzo ikinyooka, mwanga unauona mpaka chini. Huu ulishuka kidogo, ukaegemea ubavuni, ukapotea.

"Betri hizo," Bingwa alisema.

Dada akaivuta tochi juu. Ikamwakia Bingwa usoni. Akaenda nguzo ya pili, akaenda nyingine. Kote giza.

"Zimejikunja, kaka. Ncha ilikaa mwambani, wewe ukazidi kugonga kichwa. Ukikandamiza mrija kwenye bakuli la uji, ukigusa chini unafanya nini? Si unapinda?"

"Tope litazishika."

"Tope lisiloweza kubeba hata kiatu chako?"

Fundi wa mashine akageuka pembeni kukohoa kikohozi ambacho hakuwa nacho. Dada alifurahi, tusidanganyane. Miaka yote ya kuambiwa amwige kaka yake, na leo huyo kaka jasho linamtiririka mbele ya mama. Akamgeukia mama, akitazamia walau mara moja kuambiwa hongera.

Mama aliinuka, akaja, akachungulia bomba. Alichungulia kwa muda. Aliona, hakuwa mjinga.

"Si imepinda kidogo tu?"

"Mama, nyumba itazama upande mmoja, na wewe umo ndani."

"Basi nitalala chumba cha upande wa pili."

"Mama!"

"Tia saini, mwanangu. Ameshawatangazia watu wote. Uso wake atauficha wapi?"

Mama alikuwa amepima, uso wa mwanawe huku, uhai wake mwenyewe kule, na uso ukashinda. Neno la binti yake, msomi wa misingi, halikuwekwa hata kwenye mizani. Dharau yote aliyokuwa amemwandalia kaka, hakujua tena amwagie nani.

"Sitii," alisema. Akaenda mwenyewe getini, akamwambia dereva wa lori ageuze.

Aliporudi, magoti yote tope, Bingwa alikuwa amejiinamia juu ya rundo la matofali. Mama alikuwa amesimama kando yake, akimfuta shingo kwa leso, polepole, kama mtoto mwenye homa.

"Usijali, baba," alikuwa akimwambia. "Nyumba utanijengea tu. Huyu dada yako ana roho mbaya tangu utotoni."