Donati Zilizosimama Bila Yai

Ulimwona. Usiniambie hukumwona. Ilikuwa Jumapili, baada ya ibada ya Kiswahili pale Bredäng, hapa Stockholm, na Dorothy, binti wa kaka yangu Njuguna, alikuwa ameketi na mimba yake ya miezi sita, sahani tatu mbele yake: ndengu, kuku, mandazi. Akina mama wamemzunguka. "Kula, mama, mko wawili!" Alikutazama wewe. Wewe ukageuka, ukaenda kutafuta koti lako.

Mimi sisahau. Dorothy alizaliwa na ugonjwa ambao mwili wake hauwezi kuimaliza protini. Ikizidi, mabaki yake hurundikana kwenye damu na kuudhuru ubongo. Waliugundua kwa tone la damu ya kisigino, akiwa na siku mbili duniani. Sasa ana mimba, na kinachorundikana kwake humwendea mtoto tumboni, ambaye ubongo wake ndio kwanza unaumbwa. Kwa siku nzima daktari amemruhusu gramu saba za protini. Yai moja tu, siku imekwisha. Haya sikufundishwa na mtu. Mimi nafua mashuka ya hoteli; nimeyasoma maktabani, kamusi mkononi, miaka ishirini na saba.

Jumapili ile alikula mandazi mawili na ndengu, kwa heshima. Jumatano kliniki wakampigia: mabaki yamezidi kwenye damu. Ijumaa akaja kwangu. Hakulia.

"Shangazi, siji tena kwenye mikusanyiko yenu mpaka nijifungue."

"Nani alikulazimisha? Nitajie. Namwendea mlangoni kwake leo hii."

"Ndiyo hivyo. Umegombana na Stockholm nzima kwa ajili yangu. Lakini hujawahi kunipikia."

Ni kweli. Miaka yote hiyo amekula kwangu tufaha lililokatwa, juu ya kisahani chake peke yake.

Basi Jumamosi nikamwita tupike donati, tukaanzia kwenye hayo matufaha. Nilikuwa na sanduku zima, nililolichukua mtaa wa Hässelby kwenye lango la watu, likiwa na kikaratasi: jichukulieni. Tukayakamua. Tukachemsha lita moja ya juisi mpaka ikabaki nusu kikombe, nzito, rangi ya kahawia, na nyumba yote ikanuka kama shamba baada ya mvua. Dorothy akatoa unga wake, wanga uliotolewa protini, mweupe kuliko chokaa, ule unaolia ukiufinya.

Nikakunja mikono ya blauzi, nikaukanda kama mandazi. Ukavunjika. Nikakanda kwa hasira zaidi.

"Unakanda nini, Shangazi? Humo hamna kinachovutika."

"Unga wote hukandwa."

"Haya, kanda."

Donati yangu ya kwanza ilisambaratika kwenye mafuta kama chaki. Dorothy alicheka mpaka akashika tumbo. Kisha akachukua kijiko cha maganda ya psyllium, makapi tu ya mbegu, akayaloweka. Dakika tano, yakawa ute kama wa bamia. Akauchanganya na ile juisi nzito, wanga, sukari, baking powder na mdalasini. Rojo hilo akalitia kwenye mfuko wa plastiki, akakata ncha, akachora pete juu ya vipande vya karatasi ya kuokea. Akashusha pete ya kwanza kwenye mafuta, karatasi na yote.

Ilizama. Karatasi ikajibandua, akaitoa kwa koleo. Pete ikabaki chini kana kwamba inafikiri. Halafu ikapanda. Ikavimba, ikapasuka mstari mwembamba ubavuni, ikageuka rangi ya dhahabu iliyokolea, rangi iliyotoka kwenye tufaha peke yake.

Nikasogea karibu na sufuria. Hakuna yai humo. Hakuna maziwa. Makapi na wanga, vitu ambavyo mimi ningevimwaga, na vimesimama!

"Tano hazifiki gramu moja," Dorothy akasema, akizigaragaza kwenye sukari.

Akala. Moja. Mbili. Tatu, bila kugusa ile mizani ndogo anayotembea nayo mkobani. Toka aanze kutafuna sijawahi kumwona mtoto huyu akila bila kuhesabu. Nikazima jiko, nikakaa chini, nikamtazama tu, kama mtu aliyeingia kanisani watu wakiwa wameshapiga magoti.

Kesho yake alikuja Bredäng na beseni la donati. Na Mama Tracy, ambaye mwaka 2009, harusini Södertälje, alimtia Dorothy kipande cha nyama mdomoni kwa mkono wake mwenyewe, akaja na sahani ya kuku. Nilifungua mdomo. Dorothy akanifinya goti. Yeye ambaye siku zote hutujibu Kiswidi, akasema kwa Kiswahili:

"Anti, hiyo inamdhuru mtoto wangu. Onja yangu."

Mama Tracy akauma. Akatafuna polepole.

"Mayai mangapi humu?"

"Hamna."

"Maziwa?"

"Hamna."

"Usinichezee, msichana. Imesimamaje?"

"Kaa nikuambie."

Mama Tracy, ambaye hajawahi kukaa kabla watu wote hawajala, akakaa. Akasikiliza mpaka mwisho: damu, gramu saba, ubongo wa mtoto.

"Na sisi tulikuwa tunakulisha," akasema.

"Mlikuwa mnanilisha, Anti."

Mama Tracy akainuka, akamkuta mwenzake Adelina njiani na bakuli la maharage. "Rudisha," akamwambia. "Rudisha, nitakueleza."

Jumatano mabaki kwenye damu yalikuwa yameshuka. Lakini bado miezi mitatu ajifungue, na Jumapili hii sherehe iko Södertälje. Mama Tracy hatakuwepo. Wewe utakuwepo, maana jina lako nimeliona kwenye orodha ya wapishi. Usisubiri Jumapili. Mpigie Dorothy sasa hivi, umuulize anakula nini, kisha upike hicho, kiwatoshe watu wote.