Gari Lililolalia Upande wa Dereva

Hata likiwa tupu, gari lile lilikuwa limelalia upande wa dereva, na hicho ndicho kitu kilichomnyima Kijiti raha. Asubuhi akitoka nje na mswaki mdomoni analikuta pale uani alipoliegesha jana, limeinama upande mmoja, kama kuna mtu mnene kakaa mbele ya usukani na wala hana haraka. Hakuna mtu. Milango imefungwa, funguo ziko mfukoni mwa Kijiti mwenyewe. Lakini aliyewahi kukaa pale alijulikana mtaa mzima: kaka yake, Bonge, ambaye walikuwa wamemzika mvua zilizopita.

Bonge hakuitwa Bonge kwa utani. Alikuwa bonge kweli. Akikaa kwenye kochi, ninyi wengine mnateleza mnamfuata alipo. Na mdogo wake naye, jamani, utadhani chakula chote cha nyumba ile kilimpitia kaka mtu kwanza: mwembamba mpaka mkanda wake umetobolewa matundu ya ziada kwa msumari. Gari lile kuukuu Bonge alilipenda kupita kiasi. Alilishusha chini mpaka likawa linatambaa, paka hapati nafasi uvunguni, na akikatiza nalo mtaani watu wanapiga kelele, naye anapunga mkono kama bwana harusi. Halafu siku moja akaenda kazini anacheka, presha ikampiga akiwa amesimama, wenzake wakamrudisha maiti. Gari likaletwa na mtu mwingine nyuma yake. Tangu hapo likawa la Kijiti, atake asitake.

Sasa, getini kwao kulikuwa na kizingiti cha zege. Bonge alikimwaga mwenyewe ili maji ya mvua yasiingie uani, halafu kila jioni analikwaruza tumbo la gari lake pale pale. Kwaruuu! Mtu mzima na akili zake! Sauti ile ndiyo ilikuwa hodi yake. Mama akiisikia kutoka chumbani anasema, "Bonge amefika," anainuka kwenda kumfungulia mlango.

Na sasa Bonge yuko kaburini, na Mama bado anainuka. Kijiti akirudi jioni kutoka kazini, tumbo la gari likigusa zege, anasikia kitanda kinalia ndani, halafu mkongojo, ko, ko, ko, kutoka chumbani, kupitia sebuleni, mpaka mlango wa mbele. Mlango unafunguka. Mama anatazama nyuma ya bega la Kijiti, kule kwenye gari, na uso wake unalainika.

"Bonge amefika," anasema.

Mara ya kwanza Kijiti alijikaza kisabuni, akamshika mkono. "Mama, Bonge hayupo. Ni mimi."

"Kwani mimi nimechanganyikiwa?" Mama akamkata jicho. "Nilimzika mwenyewe. Sijasema yu hai. Nimesema amefika."

Nywele zilimsimama Kijiti, na kuanzia siku ile akawa analiogopa geti la kwao wenyewe. Tusimwonee, alimpenda kaka yake, na alimlilia mpaka sauti ikakauka. Lakini kumlilia mtu ni kitu kimoja, kurudi naye nyumbani kila jioni ni kitu kingine. Alikuwa akikaa kwenye kiti kile cha dereva, amezama kwenye shimo la makalio ya marehemu, na mgongo wake haugusi mahali popote.

Tena kulikuwa na mgongo wa Mama. Alikuwa amepasuliwa, na kila wiki ilibidi apelekwe hospitali kwa mtaalamu wa viungo, dada mmoja mpole wa sauti na mkali wa maneno. Gari jingine Mama hataki kusikia. "Mwanangu ana gari, nipande la watu?" Kijiti angesema nini? Anamlaza kiti cha nyuma, anamzungushia mito, anaendesha kama amebeba mayai, lakini gari lenyewe halikuwa na huruma. Kwenye kona linayumba. Kwenye tuta linadunda, na linaendelea kudunda wakati tuta limeshaachwa nyuma. Safari moja likatumbukia shimoni, paa! Mama akapiga yowe moja tu. Kijiti alipotazama kwenye kioo aliona machozi yanamtiririka.

"Mgongo huu ukiendelea kupigwapigwa hivi, tunafanya kazi bure," mtaalamu alimwambia Kijiti pembeni. "Na kutembea ni lazima, kila siku. Akizoea kitanda, miguu itamkatalia, na ikishakataa hatutairudisha. Nyumbani anatembea?"

"Anatembea," Kijiti akajibu. Hakusema anatembea kwenda kumpokea nani.

Basi gari likapelekwa kwa Spana. Huyu ndiye fundi aliyelishusha, yeye na Bonge, maana wawili hao walikuwa chanda na pete. Karakana yake ilikuwa nyuma ya ukuta wa matofali, paa la bati, sakafu nyeusi kwa oili. Aliposikia habari za mgongo wa Mama hakufanya mzaha hata mmoja, na hilo kwake halikuwa jambo dogo. Akaegemea kona ya mbele ya gari kwa mikono miwili, akaachia. Gari likadunda, likadunda, likadunda.

"Shokapu zimekufa zamani," akasema. "Na springi, unajua tulizifanyaje? Tulizikata kwa msumeno, mimi na yule kichaa. Nikamwambia, Bonge, springi ya kukata haina nafasi ya kucheza, gari itakuwa inagonga chuma kwa chuma. Ananiambia, wewe kata, mimi nina nyama za kukalia." Akacheka, kicheko kikamkatikia njiani.

"Mbona imelalia upande?"

"Springi ya upande huu imechoka. Imembeba yeye miaka yote hiyo. Ulitaka ifanyeje?"

Jibu lilikuwa la kifundi na lilieleweka, ila Kijiti hakutulia.

"Tutaweka springi fupi za kiwandani," Spana akaendelea, "zilizozaliwa fupi. Shokapu za kulingana nazo. Bushi zote mpya, hizi mpira wake wa kwenye maungio umekuwa biskuti. Na hizi tairi za ukuta mwembamba tuziondoe, maana tairi nayo ni godoro. Gari itabaki chini kidogo, lakini itakuwa na adabu. Mama atalala humo."

"Na isikwaruze getini," Kijiti akasema haraka, macho chini.

Spana akamtazama. Alikijua kizingiti kile, zege yake alisaidia kuichanganya. "Bonge angenisuta mpaka basi."

"Spana, nakuomba. Isikwaruze."

"Haya. Nitaiinua vidole viwili."

Kijiti aliporudi kulichukua, alilikuta limesimama kwa magurudumu yake juu ya mbao nene, miguu ya Spana imetokeza uvunguni. Akasogea kwa nyuma, na roho ikamruka. Kwenye kiti cha dereva kulikuwa na mtu. Mtu mpana, mabega yamejaa kiti, mkanda umempita kifuani.

"Spana! Hiki nini?"

"Mchanga," sauti ikatoka chini ya gari. "Mifuko ya mchanga. Bolti za bushi hazikazwi gari ikining'inia kwenye jeki. Ukikaza hivyo, ukiishusha mpira unajisokota, gari inakuwa ngumu na bushi zinachanika. Unaishusha kwanza, unaweka uzito wa mwenyewe, ndiyo unakaza. Hii siku zote nilikuwa naipangia mifuko, maana Bonge mwenyewe hatulii..."

Akajiburuta taratibu mpaka nje, akaitazama ile mifuko, akamtazama Kijiti kutoka bega moja mpaka la pili, safari ambayo kwa mtu mwembamba vile haikuchukua muda.

"Ebo!" akasema kwa sauti ndogo. "Mkono umezoea. Nimempangia yeye."

Hakuna aliyecheka.

"Toa," Kijiti akasema.

Wakafungua mkanda, wakaitoa mifuko mmoja mmoja, na kila mfuko ulipotoka gari liliinuka kidogo upande ule. Wa mwisho ulipotoka, likasimama sawasawa. Kijiti hakuwa amewahi kuliona hivyo. "Kaa wewe," Spana akasema, akarudi uvunguni. Kijiti akakaa. Bolti zikawa zinakazwa chini yake, krr, krr, anazisikia mpaka kwenye makalio, na alifurahi, na papo hapo aliona aibu, kama mtu aliyemtoa mgonjwa kitandani ili alale yeye.

Alipotaka kuondoka, Spana alimletea zile springi za zamani zimefungwa na waya. "Ondoka nazo," akasema. "Mimi sina ubavu wa kuzitupa." Zikaingia kwenye buti.

Safari ya kwanza ilikuwa raha tupu. Kwenye kona gari lilishika njia bila kuyumba. Kwenye matuta lilipanda, likashuka, likatulia. "Limekuwa kitanda," Mama akasema, akasinzia kwenda na kurudi, na Kijiti akavimba kichwa. Wakafika nyumbani, magurudumu yakapanda kizingiti, yakashuka. Kimya. Kijiti akazima injini.

"Mbona umesimama?" Mama akauliza, macho kayafumba.

"Tumefika, Mama."

Mama akafumbua macho, akautazama ukuta wa nyumba yake kama mgeni. "Tumefika?" akasema. "Sijasikia."

Jioni iliyofuata Kijiti alipita getini, kitanda hakikulia, mkongojo haukugonga. Iliyofuata hiyo, vivyo hivyo. Gari lilisimama uani limenyooka, gari tu kama magari ya watu wengine, na Kijiti alilala usingizi wa mtoto. Alianza hata kupiga mluzi akipiga mswaki, hana hili wala lile. Mkewe, aliyekuwa akishinda nyumbani na Mama, ndiye aliyemzindua.

"Mama hainuki," akamwambia.

"Hainuki vipi?"

"Hainuki kabisa. Mchana tulishazoea, ila jioni alikuwa anaamka mwenyewe kwenda mlangoni. Sasa hata jioni hataki. Nikimwambia twende, Mama, hata mpaka mlangoni tu, ananiuliza, mlangoni kuna nani?"

Na wiki ile mtaalamu wa viungo alivishika vigimbi vya miguu ya Mama, akavibonyeza, uso ukambadilika. "Mmeacha kumtembeza? Mgongo unapona vizuri, lakini miguu imeanza kukataa. Mkiendelea hivi mtamlea kitandani." Waliporudi Kijiti alipiga magoti kando ya kitanda, akambembeleza, akamwahidi hiki na kile. Mama akampapasa kichwa.

"Siwezi, mwanangu," akasema. "Sina pa kwenda." Wala hakuwa na hasira. Angekuwa na hasira ingekuwa afadhali.

Kijiti alitoka nje akalia nyuma ya nyumba, asionekane na mtu. Kurudisha springi za zamani asingeweza, zingeuvunja mgongo. Na mwenye ile hodi alimfukuza yeye mwenyewe, kwa mdomo wake, toa, mfuko mmoja mmoja.

Kesho yake jioni alilisimamisha gari nje ya geti, akazima injini. Akafungua buti. Akachukua springi iliyokuwa upande wa dereva, ile iliyochoka, nzito, na ncha yake iliyokatwa kwa msumeno bado ina makali. Jirani aliyekuwa anafagia akasimamisha ufagio. Potelea mbali! Kijiti akapiga magoti barabarani, akaikandamiza ncha kwenye zege, akaburuta kwa nguvu zake zote.

Kwaruuu.

Kimya. Akaburuta tena, ngozi ya viganja ikamtoka, machozi nayo yanamtoka. Kaka, akasema moyoni, kaka, nisaidie.

Ndani, kitanda kikalia.

Halafu, ko. Kikapita kimya kirefu mpaka akadhani ameanguka. Ko. Kimya. Ko. Mkewe alikuwa ndani, akataka kumshika, na Kijiti akamsikia Mama akimfokea, "Niache, nina mtu mlangoni!" Mlango ukafunguka. Mama alikuwa ameng'ang'ania mwimo, miguu inatetemeka, jasho linamtoka usoni. Akamwona Kijiti amepiga magoti na chuma mkononi. Aliona kila kitu, hakuwa mjinga. Kisha akatazama nyuma ya bega lake, kule lilikosimama gari, na uso ukalainika.

"Amefika," akasema.

"Amefika, Mama," Kijiti akajibu.

"Sasa mbona umemwacha humo ndani? Mwambie ashuke. Atailaza na hiyo springi mpya."

Kijiti akaiweka springi chini, akaenda mpaka kwenye gari, akafungua mlango wa dereva. Tangu makaburini hakuwa amesema neno na kaka yake.

"Kaka," akasema, "shuka. Mama anakusubiri."

Akasimama pembeni, ameushikilia mlango, kwa muda wa kumtosha mtu mnene kujikokota mpaka nje. Kisha akaufunga taratibu, asije akambana.