Picha ya Mpokeaji

Ninamwonea wivu mke wangu, tena si wivu ule mnaoufikiria. Wanaume wa kijiji cha Masoko hawanisumbui hata kidogo. Kinachonisumbua ni njia ya Masoko yenyewe.

Mimi na Sekela tunasambaza vifurushi vya kampuni moja yenye ofisi hapa Tukuyu. Si waajiriwa. Pikipiki zetu, mafuta yetu, na mvua ya Rungwe ikishuka inakunyeshea wewe, hainyeshei kampuni. Kila mmoja ana njia yake. Mimi nilipewa Makandana na Bulyaga, kwa watu wa "nisubiri kidogo, nipo njiani", unasubiri mpaka injini inapoa. Sekela akapewa Masoko. Masoko, nilikozaliwa mimi! Lakini nikienda huko Jumapili, akina mama wananiuliza, "Leo Mama Hellen haji?" Hata salamu hawanipi kwanza.

Mwezi huu Rahim, msimamizi wetu, akatangaza jambo: atakayerudisha mzigo ofisini bila kuufikisha, njia yake itachukuliwa na atakayeiomba. Wenzangu wakanung'unika. Mimi nikatega masikio kama mtu aliyesikia jina lake likitajwa.

Jumanne asubuhi, kwenye mizigo ya Sekela, nikaona kifurushi kimeandikwa Mzee Ezron, Masoko. Mzee Ezron ni baba yangu mzazi.

Kwetu Wanyakyusa, mke wa mtoto hakutani uso kwa uso na baba mkwe wake. Vijana wengi wa mjini wameliacha hilo, lakini baba hajaacha, na Sekela, aliyelelewa na bibi yake, hajaacha pia. Akimwona mzee anakuja njiani, anaingia migombani mpaka apite. Hata jina lake halitamki. Kampuni nayo ina sheria yake: mzigo unamkabidhi mwenyewe, unampiga picha ameushika, kwa mkono wako na simu yako, unaituma. Bila picha, hujafikisha. Ndiyo maana mizigo ya baba siku zote nilikuwa naichukua mimi.

Na kilichokuwemo nilikijua. Mdogo wangu Obed, aliyeko Dar es Salaam, alishanipigia: baba kaomba atumiwe koti la mvua, lile zito la waendesha pikipiki. Sasa baba ana pikipiki? Hana. Katika watoto wake nani anayo? Koti nilishaliona mwilini mwangu.

Basi nikakaa juu ya pikipiki yangu, nikingoja Sekela aje kunibembeleza. Masharti nilikuwa nayo tayari: nitampelekea, lakini Masoko aniachie.

"Baba Hellen," akaniita huku akikaza kamba za mizigo.

"Naam, Mama Hellen."

"Tairi lako la nyuma limepungua upepo."

"Hilo tu?"

"Hilo tu."

Akawasha, akaondoka.

Siku hiyo sikufanya kazi ya maana. Kila niliposimama nilifungua kundi letu la simu, mahali tunapotuma picha. Mchana ikaingia ya Sekela, nikaivuta karibu kwa vidole. Mbele kabisa kulikuwa na uso wake, amejipiga mwenyewe, macho ameyafumba kabisa kama anayeombewa. Nyuma yake, kando ya ua wa nyumbani kwetu, amesimama baba na koti lake la kanisani. Naye ametupa mgongo. Kifurushi amekiinua juu ya kichwa kwa mikono miwili, ili kionekane.

Nikaandika hapohapo: "Sura ya mpokeaji haionekani. Hii si picha. Sheria ni sheria." Kisha nikageuza pikipiki kwenda ofisini, maana mambo mengine huwezi kuyaacha kwenye simu.

Rahim alikuwa akiitazama picha hiyo na kucheka. Kwao ni watu wa pwani, lakini yeye amezaliwa hapahapa, mila zetu anazijua.

"Kaka Ackson, huyu si baba yako? Mgongo wa baba yako huujui?"

"Mimi naujua. Kampuni inaujua?"

Akaacha kucheka. Sekela alikuwa amesharudi, amesimama mlangoni, maji yakimchuruzika mpaka kwenye buti. Nikamwambia Rahim njia ya Masoko naiomba mimi. Nilisema mbele ya Sekela, wala sikumwangalia. Rahim akampigia baba, akaweka spika. Sauti ya mzee ilipotoka, Sekela akarudi nje kwenye mvua.

"Shikamoo, mzee. Umepokea mzigo wako?"

"Marahaba. Nimepokea. Ndaga fijo, asanteni sana."

"Nani aliyekuletea?"

"Mwanangu."

Moyo ukanipasuka kwa furaha. Rahim akanitazama. "Mwanao Ackson?"

"Ackson?" mzee akauliza. "Ackson akileta mzigo ananisalimia yuko juu ya pikipiki, hata kuzima hazimi. Nasema huyu mwanangu mwingine. Alizima kule barabarani, akaisukuma kwenye matope mpaka uani, akauweka mzigo chini, akapiga honi kidogo, akageuka. Nami nikauchukua, nikageuka. Yule ana adabu, bwana. Msimsumbue."

Rahim akakata simu. "Amefikisha," akasema. Nami nikatoka kujaza upepo.

Ijumaa asubuhi nikakuta kifurushi kingine kwenye mizigo yangu. Karatasi ileile ya Obed, imefungwa upya kwa kamba ya mgomba. Kutoka: Mzee Ezron, Masoko. Kwenda: Sekela, Bulyaga.

"Lakini Sekela si huyu hapa amekaa?" nikamwambia Rahim. "Mpe."

"Mtu hajikabidhi mzigo mwenyewe, kaka. Bulyaga ni njia yako. Upeleke nyumbani, na picha."

Sekela akatangulia nyumbani kunisubiri. Mvua ikanikuta njiani. Nikabisha hodi kwenye mlango wa nyumba yangu mwenyewe, nikauliza kama huyu ndiye Sekela, maana nayo ni sheria. Akafungua kifurushi, akalivaa koti. Lilimkaa sawasawa, mabega na mikono, kama baba alikuwa amempima kwa macho. Macho ambayo hayajawahi kumtazama usoni.

"Baba amenikumbuka," akasema polepole, akilishika ukosi. Machozi yalikuwa yanamlengalenga.

Nikanyanyua simu, nikapiga picha. Maji yalikuwa yameingia kwenye kioo cha kamera, sura haikuonekana.

"Rudia," akaniambia. "Sheria ni sheria."

Nikafuta kioo kwa shati lililolowa, nikarudi nyuma hatua chache, nikampiga nyingine, yeye akiwa mkavu mlangoni, mimi uani kwenye mvua.