Mshika Bango wa Mteremko wa Naqab

"Suwaylim! Suwaylim, unanisikia? Lori limenipita! Halina breki!"

Sauti ya Abu Nayef ilipasuka kwenye redio iliyoning'inia kifuani mwa Suwaylim, ikakatika, ikarudi ikihema. "La bluu, limejaa fosfati! Linakuja kwako!"

Suwaylim alikuwa kwenye kona kubwa, katikati ya mteremko wa Naqab, mpini wa bango mkononi. Tangu waanze kuipanua barabara ya jangwani, kutoka kileleni hadi kwenye kona hiyo kilibaki kipande kimoja chembamba cha lami, magari yakapita kwa zamu: Abu Nayef akifungua kule juu, Suwaylim anafunga huku. Na sasa hivi alikuwa amefunga. Chini ya kona, kwenye njia ya kupandia, lilisimama basi la abiria kutoka Aqaba, nyuma yake malori mawili ya mboga, kisha msururu wa magari madogo usioonekana mwisho. Injini zimezimwa. Abiria wa basi walikuwa wameshuka kunyoosha miguu, wamezagaa hadi kwenye njia ya kushukia, mmoja amekaa juu ya lami kabisa akimenya chungwa.

Hata wangeondoka wote barabarani, lori lisilo na breki lisingeikata kona ile. Hilo Suwaylim alilijua. Marehemu baba yake alichonga njia hiyohiyo kwa sururu, na yeye mwenyewe, akiwa mchungaji, alishawahi kuteremka kwenye makorongo yale kusaidia kutoa watu ndani ya vyuma vya magari yaliyotumbukia.

Barabara mpya haikufuata kona. Palepale ya zamani ilipopinda, mpya ilikwenda moja kwa moja ndani ya mlima uliopasuliwa, mita mia moja za kitanda cha barabara kilichomwagiwa kifusi asubuhi ile, vichuguu kwa vichuguu, bado havijasambazwa. Baada ya hapo hapakuwa na kitu. Bonde lilikuwa halijajazwa.

Mdomo wa njia hiyo ulizibwa kwa mapipa ya plastiki na utepe. Jana tu Mhandisi Rula alikuja na ramani zake kumwambia kwamba kesho yake vingeletwa vipande vya zege.

"Tunaziba kabisa, ami. Asije dereva akaingia kwa bahati mbaya."

"Binti yangu," alisema Suwaylim, "nani ataingia huku kwa bahati mbaya? Atakayeingia huku ni yule asiye na pa kwenda."

"Ndiyo maana kuna njia ya dharura ya waliokatikiwa breki, kilomita mbili chini."

"Kilomita mbili chini atafika maiti."

Mhandisi alikunja ramani. "Mchoro umepitishwa Amman, ami. Si wangu mimi wala si wako."

Leo honi ilishaanza kusikika. Ndefu, haikati, inashuka na mlima.

"Tokeni barabarani!" Suwaylim aliwapigia kelele abiria. "Pandeni mlimani! Lori!"

Wengine walikimbia. Wengine walimtazama. Yeye alishageuka. Alipiga teke pipa la kwanza, la pili, akauburuta utepe kwa mikono miwili hadi ukakatika. Ndipo alipoona: huko ndani, ng'ambo ya vichuguu, Shehata Mmisri alikuwa juu ya shindilia, mtambo wa kukandamiza udongo, amempa mgongo, masikio ameyaziba kwa vile vikombe vyake vya kukinga kelele, anakwenda taratibu kama mtu anayelima.

"Shehata!"

Kelele haikufika popote. Hatua themanini, labda tisini. Mguu wa mzee wa miaka sitini usingezimaliza.

Suwaylim aliokota jiwe. Miaka arobaini alirudisha mbuzi kwa mawe, akilenga mbele ya pua ya mnyama. Safari hii alilenga kioo. Jiwe lilipaa, likashuka, na kioo cha nyuma cha shindilia kikamwagika.

Shehata alisimamisha mtambo, akaruka chini amefura. "Umerukwa na akili, mzee? Unataka kuniu—"

Suwaylim alinyoosha mkono kuelekea juu. Shehata aliangalia, akaliona lori la bluu likitokeza kwenye upeo wa mteremko, moshi mweupe ukitoka magurudumuni, tela likiyumba. Aliparamia ukingo kwa mikono na miguu.

Harufu ilitangulia. Mpira na chuma vilivyoungua.

Suwaylim alirudi katikati ya barabara. Alijua dereva angeona vitu viwili: kona iliyojaa watu, na shimo ndani ya mlima. Mtu hachagui shimo. Lazima aoneshwe. Akageuza bango upande wa kijani, PITA, akalipunga kwa nguvu kuelekea kwenye kifusi, mara ya kwanza, mara ya pili, mwili mzima ukienda na bango. Aliuona uso wa dereva nyuma ya kioo, mdomo wazi. Akaendelea kupunga. Kisha akajitupa pembeni.

Lori lilipita likivuta kilemba chake kwa upepo. Lilipanda kichuguu cha kwanza, likakisambaratisha, cha pili, cha tano. Kokoto zikaruka kama mvua ya kichaa. Tela likalala ubavu na fosfati ikafumuka, wingu jeupe likajaza pasuo lote la mlima. Ndani ya wingu chuma kilisaga kwa muda mrefu. Halafu kikaacha.

Walimkuta dereva amekaa kwenye ngazi ya lori, mweupe kichwa hadi miguu, mkono mmoja umening'inia vibaya. Jina lake Ghalib, wa Ma'an. Hatua ishirini mbele yake ilikuwa shindilia. Nyuma ya shindilia, bonde.

"Nilidhani unaniita nife," alimwambia Suwaylim.

"Mimi pia sikuwa na hakika," alisema Suwaylim, akakaa kando yake kwenye ngazi.

Mhandisi Rula alifika kwa kukimbia, ameacha gari na mlango wazi. Aliangalia kitanda kilichochimbuliwa, mapipa, kioo kilichovunjika. Akaangalia kona, ambako abiria walikuwa wanateremka mlimani wakiitana majina.

"Itabidi uandike maelezo, ami," alisema mwishowe.

"Kuandika sijui, binti yangu."

"Basi utanieleza. Nitaandika mimi." Alipenga kamasi. "Utaanza na yale ya jana."

Gari la wagonjwa lilipomchukua Ghalib, msururu ulishafika karibu na mji wa Quweira kule chini na honi zilikuwa zinalia. Suwaylim alisimama, akajipangusa. Basi lilikuwa la kwanza kupita, na dereva wake, ambaye muda wote alikuwa amelala viti vya nyuma, alichungulia dirishani kwa hasira.

"Saa mbili nzima mmetuweka hapa, mzee! Mnafanya nini huko, mnapika?"

"Samahani," alisema Suwaylim. "Pita polepole. Kunateleza."

Vumbi la fosfati lilikuwa limetanda juu ya lami, laini kama unga. Basi lilipanda, likaacha alama mbili za magurudumu, na gari lililofuata likazikanyaga zilezile, na lililofuata, hadi juu.