Kura ya Ukumbi wa Wazee

Alhamisi ya kura, ukumbi wa wazee, ambako mama yake Lorraine hula kila Alhamisi, ulifungwa kwa siku hiyo ili uwe kituo cha kupigia kura, kwa hiyo Lorraine alikwenda naye kupiga kura. Mama huyo, Bi Hilda, ambaye siku hizi kumbukumbu humtoroka, alipitiliza hadi kwenye kiti chake cha kila juma, akakaa kusubiri chakula.

Serikali huko London ina kanuni: halmashauri ikitaka kupandisha kodi inayotozwa kila kaya kupita kiwango, sharti iwaulize wakazi kwa kura. Miaka yote halmashauri ilipandisha mpaka ukingoni, fedha hazikutosha, maktaba ikafa, bwawa la kuogelea likafa. Sasa ilitaka kuvuka. Watu wakikataa, ukumbi unafungwa. Kanuni tamu kwelikweli: wakubwa wabane fedha, kisha maskini waulizwe kama wanawapenda wazee wao.

Dirishani kwa Lorraine palikuwa na bango la NDIYO. Glenda, msimamizi wa ukumbi, alilileta mwenyewe. Lakini pale kibandani, na penseli iliyofungwa kwa uzi mkononi, Lorraine aliikumbuka mita ya gesi iliyoishiwa salio asubuhi, na mama yake akinywa chai amevaa koti kwa baridi; kodi ikipanda, gesi angeinunua kwa nini? Akatia alama kwenye HAPANA. Alijiambia wengine watasema ndiyo. Alitoka uso ukimwaka, akamshika mama yake mkono bila kumtazama.

Wengine nao walikuwa wamejiambia vivyo hivyo. Hapana ikashinda.

Siku ukumbi ulipofungwa, Glenda alimletea Lorraine kikombe cha Bi Hilda kilichobaki kule, kimefungwa kwa gazeti.

“Mtaa mzima, shoga, ni wewe tu uliyesimama na sisi,” alisema.

Lorraine alikipokea. Alitamani ardhi ipasuke immeze, lakini alisema asante. Bango hakuweza kulibandua. Angeulizwa kwa nini.

Alhamisi iliyofuata alimkuta mama yake ameketi mlangoni, amevaa koti, mkoba mapajani, akisubiri basi dogo lililokuwa likiwapeleka wazee ukumbini.

“Wamechelewa leo.”

“Hawaji tena, mama. Watu wamekataa.”

“Watu gani?”

Lorraine alipiga magoti, akaanza kumfungua vifungo vya koti.

“Mimi, mama. Na mimi nimo.”

Bi Hilda alimpapasa kichwa.

“Basi kawaambie wenzako nimeshavaa.”