Majani ya Msasa

"Sogeeni, akina mama, msiogope," alisema Sista Hildegardi, aliyehamia hapa mwaka jana, mbele ya sanamu ya Bikira Maria. "Ilichongwa Ulaya miaka mia tano iliyopita. Mnaona hana macho? Yamefutwa na mikono ya waumini, waliompapasa wakisali."

Akina mama wa msafara kutoka kijiji cha Ukata wakaguna kwa mshangao. Tadea, aliyekuja nao, akainamisha kichwa.

Ibada zilihamia kanisa jipya mwaka uleule kahawa ilipoanza kununuliwa na watu binafsi badala ya ushirika. Hili la mawe likawa makumbusho. Lakini Tadea alilijua kila pembe. Alipomaliza darasa la saba, ibada zikiwa bado humu, alipewa kazi ya kufagia. Juma Kuu moja alimwona Mama Maria mweusi kama chungu kwa moshi wa mishumaa, akamhurumia. Akamsafisha alivyofundishwa nyumbani kusafisha miiko: majivu, maji, kisha majani ya msasa, yale yanayokwaruza kama ulimi wa ng'ombe. Alisugua taratibu, kwa upendo. Alipokuja kushtuka, rangi ya macho ilikuwa inaelea kwenye beseni.

Lawama zilimwangukia Mzee Mansuetus, mtunza sakristia, chumba cha vifaa vya ibada. Ati amekwangua rangi akafanyie dawa. Akanyang'anywa funguo. Tadea akanyamaza; mwaka wa saba huu.

Leo mzee alikuja na msafara, ila aliishia nje, kwenye ngazi, akiegemea fimbo yake. Tadea akatoka, akapiga goti.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Umeshamaliza kuona?"

"Babu, yale macho... niliyafuta mimi. Kwa msasa."

Mzee aliitazama mikono ya Tadea. "Najua. Majivu yalikuwa bado masikioni mwa sanamu. Nani mwingine angeleta majivu kanisani?"

"Mbona hukusema?"

"Nilisema moyoni, kesho atasema mwenyewe. Kesho ikawa nyingi." Akakohoa. "Sasa unaniambia mimi ninayejua. Wasiojua wako ndani."

Tadea akarudi ndani. Akina mama walikuwa wamepanga foleni, kila mmoja akipapasa uso ule mtupu na kujipaka baraka kwenye paji.

"Njoo nawe, Tadea," Ephrasia, mmoja wa waliokuwa kwenye foleni, alimtania, "labda utapata mume!"

Wakacheka. Zamu yake ikafika. Mkono haukuinuka.

"Sista," aliita, na kuta za mawe zikaikuza sauti yake kuliko alivyotaka.

Akina mama wakageuka. Nyuma yake, kwenye kizingiti, fimbo ya mzee iligonga sakafu mara moja, halafu tena, karibu zaidi.