Mwanachama Mmoja

Mwalimu Scholastika alingoja mpaka mteja wa mwisho aondoke dirishani, ndipo akauendea mlango wa pembeni wa kibanda na kuanza kuupapasa akitafuta kitasa. Kitasa kilikuwa mbele ya uso wake.

"Shikamoo mwalimu," Dorika akasema, akamfungulia kwa ndani. "Si ungeniita tu? Umesimama juani muda wote huo."

"Marahaba. Sikutaka watu."

Dorika akampisha kwenye kigoda, mwenyewe akakalia dumu la mafuta ya alizeti. Kibanda chake pale Utemini kilikuwa kidogo kiasi kwamba wakikaa wawili magoti yalikutana. Humo alituma na kutoa pesa za watu, simu tano zikiwa zimepangwa juu ya ubao. Nne zilikuwa za biashara. Ya tano, ya vitufe, iliyofungwa raba nyekundu, haikuwa yake. Ilikuwa ya Mikono Yetu.

Mikono Yetu lilikuwa kundi la mtandaoni la wasanii wa mkoa mzima: wachora mabango, wafinyanzi, wasusi wa vikapu na wachoraji wa penseli, kutoka mjini mpaka Manyoni. Waliweka kazi zao kwenye kundi, wakasifiana, wakanuniana, wakapatana. Watu waliozipenda kazi hizo, wengine wakiwa mbali sana, walituma walichojaliwa: elfu tano, elfu kumi, mara chache laki. Pesa hizo zilinunua rangi na karatasi kwa wasiojiweza, na sehemu iliwekwa akiba kwa wagonjwa. Dorika hakujua kuchora hata kuku. Walimfanya mweka hazina kwa sababu kila msanii aliyewahi kutolea pesa dirishani kwake aliondoka na pesa kamili. Laini ilisajiliwa kwa kitambulisho chake, maana kundi halikuwa na kitambulisho.

Kila Jumamosi, kabla hajafungua dirisha, aliupiga picha ukurasa wa kaunta buku na kuutuma kundini. Kilichoingia, na nani. Kilichotoka, kwa nani. Makato. Kilichobaki. Wasanii walimwita Mama Stakabadhi, naye alilipenda jina hilo kuliko alivyokubali kuonyesha.

"Sema mwalimu," akamwambia. "Huko kijijini Iguguno kwema?"

"Iguguno kwema. Mimi ndiye sioni."

Aliitoa karatasi ya hospitali mkobani. Mtoto wa jicho, macho yote mawili. La kulia lingefanyiwa upasuaji kwanza, katika hospitali ya misheni, Alhamisi ya wiki iliyofuata, endapo angelipa laki tatu na sitini na tano. Mazao ya mwaka huo hayakumpa hata nusu yake.

Dorika aliisoma mara mbili. Mwalimu Scholastika alikuwa amestaafu ualimu wa shule ya msingi, na kwa kalamu ya wino ya kawaida alichora nyuso za watu zikakaribia kusema. Lakini kundini hawakumheshimu kwa michoro tu. Kila Ijumaa alizipitia kazi za wenzake na kutoa hukumu, na hukumu zake ziliogopwa. Aliwahi kumwambia mtu kwamba ng'ombe wake amevaa viatu.

"Tangu lini, mwalimu?"

"Tangu Oktoba naona ukungu. Tangu Januari naona mwanga na kivuli."

"Na zile Ijumaa?"

Mwalimu akazikunja ncha za khanga yake. "Namwambia mjukuu aandike tu kazi nzuri, endeleeni. Ningesema nini?"

Dorika akakumbuka. Ilikuwa kweli; tangu mwaka mpya mwalimu alikuwa mpole, na watu walidhani uzee umemlainisha.

"Pesa zipo," akasema. "Kanuni yetu inaniruhusu nitoe mpaka laki nne kwa mgonjwa bila kungoja kikao. Ila Jumamosi lazima jina lako lionekane."

"Hapo ndipo nilipokujia." Mwalimu aliinamisha kichwa upande, kama mtu anayesikiliza mlango. "Andika karatasi na rangi. Nani atakwenda kuhesabu karatasi?"

"Hapana, mwalimu."

"Wakijua nimewasifia bila kuona, nitaweka wapi uso wangu? Nimewafundisha watu kuangalia miaka thelathini na minne, Dorika. Hiyo ndiyo kazi yangu. Kuangalia."

Mume wa Dorika, marehemu Manase, baba wa mwanawe Nathan, aliwahi kushika fedha za ujenzi wa kanisa kule Unyambwa. Matofali yalinunuliwa, ukuta ukasimama, mpaka leo watu wanasali humo. Karatasi ndiyo haikuwepo. Manase alizikwa watu wakinong'ona, na aliyehubiri msibani aliruka habari ya uaminifu kama mtu anayeruka dimbwi. Tangu siku hiyo Dorika hakuwahi kuandika neno lisilo la kweli mbele ya tarakimu.

"Sitaandika rangi," akasema. "Na jina lako sitaliandika. Nitaandika kwamba silisemi."

Alifunga dirisha mchana ule ule, akamshika mwalimu mkono mpaka hospitali, wakalipa, wakapewa stakabadhi yenye muhuri. Dorika akaikunja mara moja tu, ili isichakae, akaiweka ndani ya kaunta buku.

Jumamosi aliandika: *Matibabu ya mwanachama mmoja, 365,000. Jina ninalo. Ameomba lisitajwe. Stakabadhi ipo.* Akapiga picha, akatuma.

Kwa kawaida ukurasa ule ulifuatwa na vidole gumba na maua. Safari hii palikuwa kimya kwa robo saa nzima. Kisha Godfrey akaandika.

Godfrey alichora mabango ya maduka na vibao vya nyuma vya bodaboda. Alikuwa baba wa watoto wawili, mwenye ulimi mwepesi na mkono mzuri. Maneno yaliyokuwa juu ya dirisha la Dorika, MALI BILA DAFTARI HUPOTEA BILA HABARI, aliyachora yeye.

"Mama Nathan, mwanachama mmoja ni nani?"

"Ameomba lisitajwe, Godfrey."

"Sisi wengine tukisaidiwa elfu ishirini ya rangi tunatajwa. Huyu wa laki tatu na ushee ana nini?"

Akaungwa mkono na mmoja, kisha watatu. Mtu aliye mbali, aliyewahi kuchanga laki mbili, akauliza kwa adabu, na ile adabu ndiyo iliyomchoma Dorika zaidi. Jioni mtu mwingine akaandika kwamba laini si ya kundi, ni ya Dorika, na kwamba watu wajiulize. Akaufuta ujumbe wake upesi, lakini Dorika alikuwa ameshausoma.

Jumapili hakwenda ibadani. Alikaa uani akipepeta mchele usio na uchafu. Bonaventura, kiongozi wa kundi, alimpigia.

"Dada, mimi nakuamini. Lakini imani yangu haiwezi kupigwa picha."

"Unataka nifanye nini?"

"Mtu mmoja aone. Mmoja tu. Akiona, aseme ameona. Nadhani watatulia."

Ndipo Dorika akampigia mwalimu na kumweleza yote, bila kupunguza. Upande wa pili alisikia jogoo na upepo.

"Wamekusema vibaya?" mwalimu akauliza mwishowe.

"Kidogo."

"Usinidanganye. Umekataa kuwadanganya wao, usianze na mimi. Nani anapiga kelele zaidi?"

"Godfrey."

"Basi mwonyeshe Godfrey. Huyo akinyamaza, wote watanyamaza. Halafu mwambie na jambo jingine. Punda wake sikumwona."

Dorika alifumba macho. Kila mtu kundini alimjua punda wa Godfrey. Februari alikuwa ameweka picha ya punda aliyebeba maji, amechorwa kwenye kipande kikubwa cha ubao laini, na mwalimu akaandika: *Kazi nzuri. Usibadilishe kitu.* Neno kama hilo hakuwahi kumwambia mtu. Godfrey alikuwa ameacha kazi za mabango karibu mwezi mzima akachora punda wengine wanne wa mtindo ule ule, na mkewe alilalamika mpaka dirishani kwa Dorika.

Jumatatu asubuhi Godfrey alikuja, kucha zake zikiwa na rangi ya buluu. Hakuketi.

"Shikamoo, Mama Nathan. Sikuja kwa ubaya."

"Marahaba. Najua. Kaa."

Akamfungulia kaunta buku, akaitandaza stakabadhi mbele yake, akaondoa mkono. Godfrey alisoma jina. Alisoma neno la ugonjwa. Kisha akarudi kwenye jina, kana kwamba lingekuwa limebadilika.

"Tangu lini?"

"Tangu Oktoba ukungu. Tangu Januari haoni kitu cha maana."

Vidole vyake vikahesabu miezi juu ya ubao, kimoja kimoja. Dorika aliviona vikifika Februari na kusimama.

"Amesema nikwambie," akaanza.

"Usiniambie, Mama Nathan. Nimeshaelewa."

Nje pikipiki ilipita, vumbi likaingia na kukaa juu ya simu. Godfrey alicheka kidogo kwa pua, kicheko kisicho na furaha, ila pia kisicho na chuki. "Mke wangu alisema yule punda ana miguu ya meza. Nikamwambia yeye hajui sanaa."

Dorika akamtilia chai kutoka kwenye chupa. Godfrey akainywa huku akipitia ukurasa mzima, mstari kwa mstari, pengine ili asiinue uso. Ghafla akaweka kidole.

"Hapa makato umeyatoa mara mbili."

"Wapi?"

"Hapa, na hapa tena. Elfu tatu na mia tano."

Dorika akachukua kikokotoo, akabonyeza, akabonyeza tena. Kweli. Kundi lilikuwa na elfu tatu na mia tano zaidi ya alivyoandika. Miaka mitatu hakuwahi kukosea, na kosa lilichagua wiki hii. Akavuta kalamu, akakata mstari mmoja ili tarakimu ya zamani isomeke, akaandika iliyo sahihi, akatia sahihi. Akamsogezea Godfrey kalamu naye atie yake.

Dakika chache baadaye simu ya Dorika ikalia. Godfrey alikuwa ameandika: *Nimeona jina na stakabadhi. Pesa imekwenda ilikotakiwa. Hesabu ina kosa la 3,500, ni faida ya kundi, limesahihishwa mbele yangu. Aliyemsema Mama Nathan amwombe radhi, nikiwa wa kwanza mimi. Jina msiniulize.*

Kidole gumba kimoja kikatokea. Kisha kumi. Yule mtu wa mbali akaandika kwamba ameridhika, na akatuma elfu hamsini, ambayo Dorika aliiingiza papo hapo.

Alhamisi Dorika na mwalimu hawakuwa peke yao hospitali. Godfrey alikuwa ameshafika, amekaa benchi la mwisho na chupa ya uji. Mwalimu, alipoisikia sauti yake, alinyoosha mkono hewani mpaka ukaupata mkono wa shati lake.

"Nilikukosea."

"Uji usipoe, mwalimu," Godfrey akasema.

Kundini hakuna aliyejua. Au labda walijua. Ijumaa mbili mfululizo mwalimu hakuandika neno, na hakuna aliyeuliza kwa nini. Ijumaa ya tatu akarudi. Alimwambia mfinyanzi mmoja wa Manyoni kwamba chungu chake kimelewa. Mfinyanzi akajibu kwa vicheko vingi, na watu wakaandika karibu tena, mwalimu, kama vile alikuwa amesafiri.

Wiki iliyofuata mwalimu alitoka kukaguliwa jicho, akapita Utemini. Safari hii kitasa alikishika mara moja. Godfrey alikuwa amesimamisha ubao wake ukutani, nje, kwenye kivuli cha kibanda. Mwalimu aliziba jicho la kushoto kwa kiganja, akasogea, akarudi nyuma.

"Miguu ni ya meza," akasema.

"Nimeambiwa."

"Lakini maji yana uzito. Yale madumu ningeyabeba mwenyewe yangenivunja mgongo. Hilo usilibadilishe." Akaendelea kutazama. "Hilo nalisema nikiwa naona."

Godfrey aliuchukua ubao wake na kuondoka bila kuaga vizuri, akitembea upesi, ubao ukishika upepo na kumvuta upande kama tanga lisilotaka kwenda nyumbani.

Mwalimu akaingia ndani, akakaa kwenye kigoda, magoti yao yakakutana. Alimtazama Dorika kwa muda, waziwazi, jinsi watoto wanavyotazama.

"Una kovu hapo kwenye nyusi."

"La utotoni. Nilianguka kwenye kinu."

"Mwaka mmoja na nusu nakujua, silijui kovu lako." Alikuwa tayari ameshatoa kalamu na kugeuza upande mweupe wa karatasi ya hospitali. "Usitikisike."

"Mwalimu, nina wateja."

"Watasubiri. Tazama kule, mlangoni."

Dorika akatazama mlangoni. Hakuwahi kuchorwa; hakujua mikono inawekwa wapi, akaishia kuilaza mapajani kama anayesubiri kupigwa picha ya pasipoti. Mtu alikuwa amefika dirishani, akigonga ubao kwa sarafu, taratibu, bila haraka. Upepo wa Juni ulileta makapi ya alizeti kutoka kwenye mashine ya kukamulia iliyokuwa jirani, yakatua moja moja sakafuni na kwenye nywele zake. Alitaka kuyapangusa. Kalamu ilikuwa ikikwaruza karatasi. Hakutikisika.